Nimenunua koti langu mwenyewe mnadani

Watu wa Mbeya mnajua Julai inavyokuwa. Mji wenyewe uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, halafu sisi wa huku Uyole asubuhi mtu akikusalimia anatoa moshi mdomoni. Mi kilichokuwa kinaniokoa ni koti moja zito la mtumba nililolipata Mwanjelwa, manyoya ndani, kifungo kimoja kilidondoka mama watoto akashona cha kijani cha sweta la shule.

Sasa nina binti yangu yuko la tatu. Ukimpa hela ya sadaka nusu inafika kapuni, nusu inaishia kwa muuza karanga wa getini. Nikaona isiwe tabu, jioni moja nikawakalisha watoto, nikafungua Luka 21, yule mjane wa senti mbili, nikawaambia wanangu kutoa siyo kutoa makombo, toa kitu ambacho kikiondoka humu ndani tutakisikia. Nilihubiri siku hiyo, hadi mama watoto akaitikia amina kutoka jikoni. Binti akauliza, "Baba, hata kama ni cha mtu mkubwa?" Nikamjibu Mungu haangalii umri mwanangu.

Jumapili ya mavuno ikafika. Koti nimelitafuta nyumba nzima silioni, nikaenda kanisani na shati natetemeka kama nina malaria. Mbele pamejaa mchele wa Kyela, viazi vya Uporoto, parachichi za Rungwe, na jogoo kafungwa miguu ambaye kila mchungaji akivuta pumzi na yeye anawika. Ibada imeisha mnada ukaanza, viazi vikaenda, jogoo akaenda, mzee wa kanisa akainama chini ya meza akainuka na koti. Nikasema Mbeya makoti yanafanana. Akaligeuza, kifungo cha kijani hicho hapo.

Nikageuka benchi la watoto, binti yangu anatabasamu mpaka pengo linaonekana.

"Tunaanza na elfu kumi!"

Nikanyoosha mkono. Kuna kijana wa bodaboda nyuma akasema kumi na tano. Mi ishirini. Yeye ishirini na tano. Ubaya ni kwamba mtaani kwetu mi najulikana kwa ubahili, kwa hiyo yule dogo akawa anajiambia kama huyu mzee anaing'ang'ania hivi basi hiyo mali siyo ya kawaida. Mama watoto kainamisha kichwa, nikadhani anasali, kumbe anacheka. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka nikasema hamsini na tano, kijana akanyamaza. Vigelegele! Bibi mmoja wa Tukuyu akaniambia kwa Kinyakyusa "Ndaga fijo mwanangu," yaani asante sana, nikaitikia huku nahesabu noti za mbolea.

Nimeshanyoosha mkono nichukue mali yangu, mzee wa kanisa akauliza lile swali lao, maana kwetu ukinunua kitu unaweza kukirudisha kikauzwa tena, "Baba, unachukua au unarudisha?"

Sijafungua mdomo. Kule benchi la watoto mtu kasimama juu ya kiti:

"ANARUDISHA!"

Kanisa zima likalipuka, kinanda kikapigwa, mchungaji akaja kunishika mkono. Hapo unaanzaje kusema hapana? Mnada ukarudi, mi nimebaki na hela ya nauli tu, yule yule wa bodaboda akalichukua kwa elfu kumi na mbili, hakuna hata aliyembishia.

Jumatatu alfajiri niko barabarani nimejifunga kanga ya mama watoto shingoni, bodaboda ikasimama, kifungo cha kijani kinaning'inia. Nikamwomba anipunguzie nauli. Akanicheki juu mpaka chini akasema, "Mzee mafuta yamepanda, ila panda, kaa karibu na mgongo wangu, hili koti linatoa joto hatari."

Nikapanda. Nikamkumbatia.