Kipindi cha Baiskeli Ninachokingoja Kwenye Runinga

Jumamosi asubuhi huwa nakaa nusu saa chini ya mwembe mmoja huko Igoma, Mwanza, kwa fundi baiskeli ninayemjua tangu niko shule ya msingi. Si kwamba nina pancha kila wiki. Nakwenda kumwangalia akifanya kazi na kusikiliza watu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mteja na jogoo aliyefungwa miguu kwenye keria. Akamshusha, akamlaza karibu na beseni la maji, akaapa kwamba tairi la nyuma limechomwa na msumari asubuhi ile ile, tundu moja tu. Fundi hakubishana. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa siti na usukani, akachomoa mpira wa ndani kwa vishikio viwili vya vijiko, akaujaza upepo na kuuzamisha majini. Povu likatoka mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Alipofika tundu la tano jogoo akawika. Fundi, bila kuinua kichwa, akasema, "Sikia, hata yeye anahesabu." Watu wote waliokuwa pale walicheka, na mwenye jogoo ndiye aliyecheka sana. Kisha naye akajibu: "Matatu kati ya hayo yanavujia kwenye viraka ulivyobandika wewe, bhabha." Kicheko kikamgeukia fundi.

Tangu siku ile sijaacha kuwaza kipindi cha runinga. Kipindi cha vichekesho kuhusu baiskeli na watu wake, kirekodiwe hapa Mwanza, na kicheko chake kiwe kama kile cha Igoma, kinachokwenda na kurudi.

Baiskeli imeshachezwa sana kwenye vichekesho vyetu, ila naona inachezwa vibaya. Mchekeshaji anavaa koti refu, anabeba redio begani, anapewa baiskeli iliyojaa vioo na maua ya plastiki, anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, halafu anaanguka mtaroni. Basi. Hakuna kingine kinachotokea. Anachekwa kwa sababu ametoka kijijini na ana baiskeli.

Mjomba wangu alikuwa na baiskeli ya namna hiyo. Phoenix, aliyoinunua kwa fedha za pamba msimu mmoja uliokuwa mzuri. Aliifunga vioo viwili kila upande, akaweka maua kwenye spoki na mpira wa madigadi uliochorwa nyota. Hatukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa. Mama alipolazwa Bugando, mjomba alitoka Magu kwa baiskeli hiyo, kilomita 60 hivi, akafika na machungwa na salamu za kila nyumba ya jirani. Miaka mingi baadaye alikuwa amekaa sebuleni kwetu, kichekesho cha koti na redio kikaonyeshwa. Akacheka kidogo. Walipofika kwenye mtaro, akatuomba tubadilishe chaneli.

Sisemi watu wasitaniwe. Kanda ya Ziwa bila utani haikaliki. Panda kivuko cha Kamanga uone Msukuma na Mhaya wasiojuana wakikaa benchi moja: kabla hamjafika ng'ambo wameshasemana kuhusu senene, kuhusu ng'ombe, kuhusu shule na Kiingereza, na wakishuka wanashikana mikono. Lakini utani una sharti lake, nalo ni zamu. Ukinitania, na mimi nakujibu. Mjomba pale sebuleni hakuwa na zamu.

Ndiyo maana kipindi ninachokiwaza nakichukulia mfano wa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, kule Kisesa, kwenye sherehe za ngoma za Bulabo, vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma, Wagika na Wagalu, hushindana. Ni ushindani wa tangu enzi za mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, zikikabiliana, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mmoja akitoa chatu, umati unakimbilia huko. Mwingine akija na majembe yanayorushwa hewani, umati unarudi mbio. Hakuna majaji watatu nyuma ya meza wakitoa maksi. Watu wanapiga kura kwa miguu.

Hebu fikiria runinga ikifanya hivyo. Uwanja mmoja, makundi mawili ya waendesha baiskeli, kila kundi na mcheshi wake mwenye kipaza sauti, na katikati watazamaji walioachiwa watembee. Kamera inapanda juu ya jiwe (na Mwanza mawe hatukopi) ili ionyeshe umati unavyohama. Anayepoteza watu lazima abuni kitu papo hapo, hata kama ni neno moja tu la kuwarudisha.

Na vya kuonyesha vipo. Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, alfajiri, umwone mtu anavyopanga magunia ya dagaa kwenye keria. Anaanza na kamba za mpira, anasogeza gunia la chini inchi moja kushoto kwa sababu anajua mguu wake mmoja una nguvu kuliko mwingine, anatingisha mzigo, anaukemea kama mtoto, anatingisha tena. Akishamaliza hawezi kupanda mwenyewe, maana mguu hauna pa kupita, kwa hiyo anaita mpita njia amshikilie. Huyo mpita njia ndiye mhusika wangu wa kwanza! Kila siku anashikilia baiskeli ya mtu asiyemjua, ananuka dagaa mpaka ofisini, na kesho akiitwa anakwenda tena. Mpe mwandishi mzuri dakika kumi za mtu huyo, nitakaa mbele ya runinga bila kupepesa.

Kuna na mbio za polepole, ambazo tulizicheza sana utotoni: mstari mwembamba, wa mwisho kufika ndiye mshindi, na ukikanyaga chini umetoka. Kuziendesha ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Mtu mzima anayesimama juu ya pedeli, usukani unatetemeka, ulimi nje, huku mpinzani wake akimsimulia habari za msiba ili acheke au alie, mradi tu akanyage chini. Sitaki kuona breki zilizokatwa kwa siri wala mtu kusukumwa. Akianguka, aanguke kwa kujaribu.

Mtangazaji nataka awe mwanamke anayeendesha kweli, anayejua kurudisha cheni iliyoruka bila kumwita mtu.

Kisha kila kipindi kiwe na simulizi moja kutoka mbali, isimuliwe na wazee wa baiskeli kana kwamba ilitokea Misungwi. Tour de France yenyewe, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la michezo, L'Auto, lililotaka kuuza nakala zaidi. Kwa hiyo tangu mwanzo baiskeli na vyombo vya habari ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka uliofuata wanne wa kwanza wote walinyang'anywa nafasi zao kwa udanganyifu, akiwemo Maurice Garin, bingwa wa mwaka uliotangulia.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya Eugène Christophe, kwenye mbio hizo hizo mwaka 1913. Foku ya mbele ilimvunjikia akishuka mlima Tourmalet. Sheria ilikataza msaada wowote, kwa hiyo aliibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji chenye karakana ya mhunzi, akafua chuma mwenyewe kwa saa kadhaa huku wasimamizi wa mbio wamesimama wakimchunga. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye chuma na nyundo, kwa hiyo kijana mdogo akamvutia mivukuto. Wakamwongezea dakika za adhabu kwa ajili ya mivukuto hiyo! Nilipomsimulia fundi wangu wa Igoma, aliweka spana chini. Hakucheka kwanza. Aliuliza yule kijana alilipwa nini.

Pia kuna ya Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, mwaka 2022, akapanda jukwaani kufungua chupa ya mvinyo, kizibo kikamruka moja kwa moja jichoni. Kesho yake hakuendelea na mbio. Miaka miwili baadaye alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Hiyo nayo inasimuliwa vizuri kwa zamu, mmoja akicheza Girmay na mwingine akicheza kizibo.

Watu wataniambia runinga haina fedha za mambo haya. Lakini Mwanza ina kituo chake, Star TV, na kundi la Futuhi lilichekesha nchi nzima likitokea huku huku. Septemba 2025 majirani zetu wa Rwanda waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani pale Kigali, ya kwanza Afrika tangu yaanze. Sisi huku tumeshawahi kuwa na mbio zetu, Mwanza Cycle Challenge, na wapo wanaume na wanawake wa Kanda ya Ziwa wanaoendesha kwa namna itakayokusimamisha barabarani uwatazame. Uwanja upo, waendeshaji wapo, na maneno yapo mdomoni mwa kila fundi.

Jumamosi iliyopita nilimweleza fundi wangu habari yote, kuanzia umati unaohama mpaka mtangazaji. Alisikiliza huku akisugua mpira kwa msasa, akapaka soluseni, akapuliza ikauke. Nikamuuliza kama angekubali kutokea kwenye kipindi cha kwanza.

"Nitakubali, ng'wanawane," akasema. "Ila huyo mtangazaji wako mwambie aje na baiskeli yake mwenyewe. Beseni nitakuwa nalo. Namzamishia yake kwanza, kabla hajaniuliza chochote."