Akisifiwa kwa Misuli, Akili Apewe Nani?

Anayemrushia mchezaji mweusi ndizi uwanjani kila mtu anamwona, na kamera zinamnasa. Mimi nasumbuliwa zaidi na ubaguzi unaokuja umevaa joho la sifa. Mweusi akicheza vizuri, utasikia habari za kasi, nguvu na mapafu. Mweupe akifanya jambo lilelile, anasoma mchezo, ana nidhamu, ana akili ya mpira.

Najua kuna watakaosema nakuza mambo. Basi wapo waliohesabu. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat ya Denmark ilichambua matangazo ya Kiingereza ya mechi 80 za ligi za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Ilipokuja mada ya nguvu, wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi walikuwa na uwezekano mara 6.59 wa kutajwa kuliko wenzao. Kwa kasi, mara 3.38. Sifa za akili ziliegemea upande wa pili.

Mchukue N'Golo Kanté, kiungo mweusi wa Ufaransa. Mzaha uliovuma ni kwamba sehemu kubwa ya dunia imefunikwa na maji, iliyobaki anaifunika Kanté. Nilicheka pia. Lakini mtazame vizuri: mara nyingi hakimbilii mpira, anausubiri pale utakapofika, kwa sababu pasi ameshaiona kabla haijapigwa. Hiyo si kazi ya mapafu.

Tatizo la sifa za namna hii ni kwamba huwezi kuzilalamikia. Ukiitazama sentensi moja peke yake, haina kosa. Ndiyo maana nalithamini alilofanya Raheem Sterling, mchezaji mweusi aliyekuwa Manchester City, Desemba 2018, baada ya kutukanwa na mashabiki uwanjani Stamford Bridge. Hakuhangaika sana na mashabiki. Aliweka hadharani vichwa viwili vya habari vya Uingereza, kimoja kando ya kingine. Vyote vilihusu chipukizi wa Manchester City na nyumba waliyonunua. Phil Foden, mweupe, alikuwa kijana aliyemnunulia mama yake nyumba ya pauni milioni 2. Tosin Adarabioyo, mweusi, alielezwa kwa mshahara wake wa pauni 25,000 kwa wiki, jumba la pauni milioni 2.25, na kwamba hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi. Sterling alisema Adarabioyo naye alikuwa amemnunulia mama yake. Mama huyo kichwa cha habari hakikumwona.

Sisemi kila mtangazaji ana chuki. Wengi wanarudia maneno waliyoyarithi, na wachambuzi weusi nao wamo. Ila maneno hayo yana bei, na hulipwa siku ya kutafutwa nahodha au kocha. Kule Marekani, katika mpira wao wa Kimarekani, nafasi ya kwotabeki, yule anayeamua na kupiga pasi, kwa miaka mingi ilionekana si ya weusi. Mwaka 2018 Lamar Jackson, mweusi, alikuwa amekwisha kushinda Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, kama kwotabeki, na bado meneja wa zamani wa timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, Bill Polian, alisema hadharani kwenye kituo cha michezo cha ESPN kwamba afadhali ahamie kudaka mipira. Timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Jackson alichaguliwa wa 32. Msimu wa 2019 alipata kura zote 50 za mchezaji bora wa ligi, na ni yeye aliyeongoza kwa pasi za tachidauni, yaani pasi zinazoleta alama: 36. Pasi, siyo mbio.