Kiti ni K, viti je? Kuchagua vitabu vya herufi kwa watoto wa Lamu

Anayeandaa kipindi cha hadithi chenye mada ya herufi, iwe katika maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu au kwenye baraza ya nyumba ya mtu, ana uamuzi wa kufanya mapema. Achukue kitabu cha A mpaka Z, chenye neno na picha kila ukurasa? Au achukue hadithi ambayo herufi imo ndani yake bila kutangazwa? Mimi naegemea hadithi, ingawa wa upande wa pili hawapungukiwi na hoja.

Mtoto wa Lamu mara nyingi huja maktabani akiwa ameshakaa chuoni, yaani madrasa. Ameimba alifu, be, te pamoja na wenziwe, kwa hiyo anajua kwamba herufi zina mpangilio na mpangilio una mahadhi yake. Hata washairi wa pwani hii walitunga tungo zenye kufuata herufi, ubeti baada ya ubeti, tangu alifu mpaka ye. Kitabu cha orodha hakimgutushi mtoto kama huyo. Msomaji hufungua ukurasa, watoto huitikia kwa pamoja, na mwenye haya hupata sauti za wengine za kujifichia mpaka yake ikomae. Mtoto wa miaka 3, ambaye hadithi ndefu humchosha, picha moja moja anazimudu.

Lakini kiwe kitabu kilichozaliwa katika Kiswahili. Alfabeti yetu haina Q wala X, na C haisimami bila H. Kitabu cha kuletwa kinachong'ang'ania herufi 26 kitampa mtoto wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, picha ya ala ya muziki asiyowahi kuiona, kisa ukurasa wa X usibaki mtupu.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi limo katika lugha yenyewe. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Kiti ni K, lakini vikiwa viwili tumeshahamia V. Jicho ni J, macho ni M. Ulimi ni U, ndimi ni N. Mchoraji akipamba ukurasa wa K kwa vikombe vitatu, mtoto atasema "vikombe", na atakuwa amesema kweli, kisha ataambiwa amekosea. Tazama na ukurasa wa N: nazi, ndizi, nyumba, ng'ombe. Jicho linaona herufi moja, sikio linasikia mianzo minne. Na mbuzi je? Mtoto msikivu atakwambia inaanza na "mb", na sioni la kumsahihisha. Si ajabu walimu wetu wa madarasa ya mwanzo wamezoea kufundisha kwa silabi, ba be bi bo bu.

Kisha kuna Kiamu, lahaja ya Lamu. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, msichana mdogo alionyeshwa picha ya jua akajibu haraka, "Yua!" Msomaji akamwambia, "Hapana, sema jua." Hakufungua mdomo tena mpaka watoto walipotawanyika. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hakukosea. Kwao jua ni yua, macho ni mato, mchele ni mtele. Katika hadithi msomaji angesema, "Jua, nyumbani twaita yua," akaendelea na safari. Kwenye kitabu cha orodha ukurasa mzima umesimama juu ya J, na yua halina pa kukaa.

Hadithi ya punda, kwa mfano, ina neema yake. Punda mmoja ni P, punda kumi ni P vilevile, na hakuna mtoto wa mji huu asiyemjua. Punda apite pwani, apakizwe pakacha la papai: midomo ya watoto itakuwa imegusana mara nyingi kabla hawajaiona herufi yenyewe. Hadithi nyingine inaweza kuanza na kiti kimoja na kuishia na viti vinne, na yale mabadiliko yaliyoharibu orodha yakawa ndiyo mchezo.

Udhaifu wa hadithi ni kwamba herufi hupotea. Watoto huondoka na punda, P ikabaki mkekani. Na hadithi zenye marudio mazuri ya sauti si nyingi madukani. Baadhi hupatikana bure kwenye tovuti ya African Storybook, kwa leseni inayoruhusu kuchapisha, nawe unaweza kuzikuza picha mpaka aliye nyuma azione. Ukizichapisha, shona kurasa kwa uzi. Vibanio vya chuma hushika kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi.

Kwa hiyo ningesoma hadithi moja yenye herufi moja, kisha mwishoni ningefungua kitabu cha orodha kwenye ukurasa wa herufi hiyo tu. Herufi 24 kwa mkao mmoja ni mzigo, hata kwa anayependa kuimba.

Na kabla ya kukinunua kitabu hicho, ningefunika maneno na kuwaonyesha picha watoto wawili watatu wa mitaa ya Mkomani na Langoni, niandike kila wanachokiita. Ukurasa ambao jibu lao halianzi na herufi iliyochapishwa, ningeuruka siku ya kusoma.