Eti Nimekwenda China Kutembea Tu

Hivi Mtanzania hana haki ya kwenda kutembea? Mzungu akishuka pale Dar na kaptula yake na kofia ya majani, hakuna anayemuuliza kaja kununua nini. Anasema kaja kuangalia twiga, anapita. Mimi nikasema nakwenda China kuangalia ule Ukuta Mkuu wao, ukoo mzima ukakaa kikao. Shemeji akataka taa za gari. Jirani akaleta vipimo vya dirisha la aluminiamu kwenye karatasi ya daftari. Mama watoto alinyamaza kwanza, halafu akasema kwa upole kwamba hajawahi kusikia mtu mzima akipanda ndege kwenda kuangalia ukuta, wakati ule wa uani kwetu una ufa tangu mvua za El Niño.

Ndani ya ndege ya Guangzhou ndiyo kabisa. Abiria karibu wote ni watu wa Kariakoo. Wanajua hoteli, wanajua wakala wa mizigo, wanajua bei ya kontena kama mimi ninavyojua bei ya dagaa. Aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Kaka, unachukua nini, nguo au spea?" Nikamwambia sichukui kitu, mimi mtalii. Akanitazama, akahamisha mkoba wake upande wa pili, na hakunisemesha tena mpaka tunatua.

Na tukitua napokelewaje? Mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi mpaka China, na mfalme Yongle mwenyewe akatoka hadi getini kumpokea. Mfalme! Kwa twiga! Mimi nilipokelewa na mashine ya alama za vidole, nayo ikakikataa kidole gumba changu mbele za watu.

Basi, haya, tuje kwenye pesa. Nilikwenda na noti zangu za yuani, zile nyekundu za mia, Mao Zedong ametulia kifua mbele. Nikajiona tajiri. Kumbe kule noti ni kumbukumbu ya kihistoria. Kisheria hawaruhusiwi kuikataa, benki kuu yao imekataza. Na hawaikatai. Wanaipokea kwa heshima, wanaigeuza, wanaiinua kwenye mwanga, halafu wanaanza kutafuta chenji. Wanafungua droo, wanainama chini ya meza, wanamwita mke, mke anamwita mama yake. Chenji haipo. Foleni nyuma yako inakua, na wote wameshika simu, wanakuangalia wewe uliyekuja na makaratasi.

Kila kitu ni simu. Chai ni simu, basi ni simu, baiskeli ya kukodi ni simu. Mgeni naye hakusahauliwa: tangu 2023 unaunganisha kadi yako ya benki ya kwenu na Alipay au WeChat, programu zao za kulipia kwa simu, unaendelea na maisha, na malipo ya chini ya yuani 200 hayakatwi hata ada. Mpwa wangu aliniwekea kabla sijaondoka. Inafanya kazi, tena vizuri, na ndiyo maana siipendi. Unaelekeza simu kwenye kibao cha QR, kile chenye mchoro wa vimiraba, inalia tii, umeshalipa. Hakuna "punguza kidogo". Hakuna "mimi ndiye mteja wako wa kwanza leo, nifungulie biashara". Hakuna kuondoka kwa hasira ili uitwe. Jamani, mimi mjini naishi kwa mdomo. Nimejenga kwa mdomo, nimeoa kwa mdomo. Kule mdomo ni wa kulia tambi tu.

Na hata hizo tambi zilitaka utafiti, maana nguruwe kule ni kama chumvi, yupo mahali ambapo humtarajii. Nilipona kwa wale Waislamu wenzetu wanaouza tambi za Lanzhou, za mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Kijana anavuta unga kwa mikono mpaka unakuwa uzi, mbele ya macho yako. Sina lawama hapo. Nina lawama na vijiti, lakini tambi zenyewe, heko.

Kutoka Guangzhou hadi Beijing nikapanda treni. Kilomita karibu 2,300, saa nane hivi. Inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na ndani hutikisiki. Sawa, tumeona, hongereni. Lakini safari gani ile? Kwetu kabla hujafika Morogoro umeshajua jirani yako ana watoto wangapi na nani kati yao anamsumbua. Kituoni unaletewa korosho, mahindi, maji baridi, hata soksi. Kule kila mtu yuko na simu yake, kimya. Nikamsalimia mzee wa pembeni. Akatabasamu, akarudi kwenye simu. Nikaanza kuhesabu nguzo, zikapita kwa kasi nikashindwa. Burudani pekee ni bomba la maji mwisho wa behewa, nayo ni ya moto, yanatoa mvuke. Wachina na maji ya moto, usiwaingilie. Nje jua kali, wao wanakunywa maji ya moto. Hotelini ukiomba maji unaletewa ya moto, na ukiomba ya baridi wanakuangalia kwa huruma kama umeanza kuugua.

Sasa hapo lazima niseme jambo ambalo wenye haya hawalisemi. Choo. Kuchuchumaa si tatizo, mimi ni mtu wa pwani, ndiyo malezi. Lakini mtu wa pwani choo bila maji hakihesabu kuwa choo. Nikatafuta kopo, hakuna kopo. Nikatafuta bomba, hakuna bomba. Hata karatasi, sehemu nyingi unakwenda na yako. Na pale kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, Beijing, waliweka mwaka 2017 mashine ya kugawa karatasi kwa uso. Ndiyo, uso. Walipoiweka, ulikuwa unasimama mbele yake, inakupiga picha, inakupa kipande cha sentimita sitini hivi. Ukitaka kingine usubiri dakika tisa. Nani alikaa ofisini akapiga hesabu kwamba shida ya binadamu inaisha kwa sentimita sitini? Nikaamua kutembea na chupa yangu ya maji. Sasa nikumbushe: maji yanayopatikana bure nchi nzima ni ya aina gani? Tuishie hapo.

Ukuta wenyewe niliuona. Wakala aliniambia wiki ya kwanza ya Oktoba hali ya hewa ni nzuri, na hakusema uongo, jua lilikuwa zuri. Hakunitajia tu kwamba tarehe mosi Oktoba ni sikukuu yao ya taifa na nchi nzima inapewa likizo wakati mmoja. Sehemu inayoitwa Badaling wameiwekea kikomo tangu 2019, watu 65,000 kwa siku. Uwanja wa Mkapa unaingiza 60,000. Kwa hiyo chukua siku ya Simba na Yanga, uwanja umejaa, wapandishe wote juu ya ukuta mwembamba wenye ngazi, na kila mmoja anataka picha. Ngazi zenyewe hazilingani, moja ya kifundo, inayofuata ya goti. Sikupanda, nilipandishwa. Kuna mahali nilisimama kupumua na nikajikuta bado nakwenda.

Halafu wakaniona. Mama mmoja akaomba picha na mimi. Nikakubali, tabia njema. Nyuma yake ikajipanga foleni. Wanafunzi, maharusi, bibi na wajukuu. Watu wametoka mikoani kwao kuja kuona ukuta unaosemekana una jumla ya kilomita 21,000 na zaidi, wanauweka nyuma kama pazia, wanapiga picha na mimi. Ningetoza yuani kumi kumi ningerudi na hiyo aluminiamu ya jirani. Na kwa kuwa kila mmoja aliniomba tupige na kwa simu yangu pia, nilipofika chini simu ikazima.

Simu ikizima China, wewe si mtu. Huna pesa, huna ramani, huna tiketi ya basi. Ziko mashine za kukodi betri ya akiba kila kona, nzuri sana, zimepangwa kama mayai. Unazikodije? Kwa simu. Simu iliyozimika. Nilizunguka ile mashine kama mwizi.

Njaa nayo hiyo. Pembeni kuna mzee anauza viazi vitamu vya kuchoma kwenye pipa, harufu ileile ya nyumbani. Nikamwendea na Mao wangu mwekundu, nikaanza kazi ninayoijua: mkono kifuani, kichwa upande, sauti ya huruma. Hakunielewa hata kidogo. Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo, baba." Nikajibu marahaba kwa mazoea bila kugeuka, kisha nikashtuka. Binti wa Kichina! Kiswahili kimenyooka kuliko cha mwenyekiti wetu wa mtaa. Kasomea chuo kikuu hukohuko Beijing, akamalizia mwaka Zanzibar.

Nilifurahi nusura nilie. Nikamwambia, mwanangu, mwambie apunguze. Akasema, "Baba, bei yake imeandikwa." Nikasema mwambie hivyo hivyo, mwambie nimetoka mbali. Akamwambia. Mzee akanionyesha kibao cha QR.

Binti akalipa yeye. Nikampa ile noti ya mia, akarudisha mikono nyuma, eti hana chenji, mara ya mwisho kushika noti ilikuwa Darajani akinunua urojo. "Usijali, baba," akasema, "ukifika Dar nirushie kwa M-Pesa, laini yangu bado iko hewani."

Nikashukuru, nikaanza kumenya kiazi. Akanigusa bega.

"Na ya kutolea, baba."