Mkate na Maziwa Kabla ya Theluji: Wanaochekwa Wana Hoja

Ikitabiriwa dhoruba ya theluji mashariki mwa Marekani, picha ni zile zile: rafu za mkate zimebaki tupu, foleni ya matoroli imefika hadi kwenye friji za nyama. Kisha yanaanza mazaha. Mkate, maziwa na mayai? Kwani theluji ikianguka ni sharti kila nyumba ikaange mkate wa mayai?

Wanaocheka wana kisa chao, cha Januari 2015. New York iliambiwa ijiandae kwa inchi 20 hadi 30 za theluji. Meya Bill de Blasio alisema huenda hiyo ikawa dhoruba kubwa kuliko zote katika historia ya jiji, na treni za chini ya ardhi zikafungwa usiku kucha. Kulipokucha, Central Park, bustani kubwa ya katikati ya jiji, ilipimwa inchi 9.8. Mtabiri mmoja wa idara ya hali ya hewa akaomba radhi hadharani. Lakini dhoruba ile haikuyeyuka angani. Ilipita mashariki kidogo ya pale ilipotarajiwa, ikafunika miji ya Massachusetts: Boston kwa futi mbili na Worcester kwa inchi 34.5. Mnunuzi wa New York na wa Worcester walitoka nyumbani na onyo linalofanana. Huyu anachekwa kwa woga, yule anasifiwa kwa busara, na kilichowatenganisha ni njia ya upepo.

Na huyu wa New York alipoteza nini hasa? Alikula mkate wake kwa chai wiki nzima.

Hata chaguo la mkate si la kipuuzi kama linavyosemwa. Nyumba nyingi za Waswahili ughaibuni zina akiba ya kudumu: gunia la mchele, unga, maharage, dagaa. Akiba nzuri, ila yote inataka moto. Nguzo za umeme zikianguka na jiko ni la umeme, maharage makavu ni mawe tu. Mkate unaliwa ulivyo. Maziwa yanawekwa barazani, na baridi ile ile iliyokata umeme inayalinda yasiharibike. Hatari inaanza pale mtu anapoingiza jiko la mkaa sebuleni. Texas, Februari 2021, watu 19 kati ya 246 waliohesabiwa na serikali ya jimbo kuwa walikufa kwa dhoruba waliuawa na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Wengine 22 walikufa katika ajali za barabarani. Hiyo 22 ndiyo inayonifikirisha kila ninaposikia mtu akisema "nitatoka kununua nikiona imechachamaa."

Hoja nzito ya upande wa pili si ile ya mazaha. Ni kwamba anayejaza toroli mbili anamwachia rafu tupu mama anayesubiri mshahara, au mzee ambaye kadi yake ya msaada wa chakula haijaingizwa pesa za mwezi. Hilo ni kweli, na sina namna ya kulipamba. Ila dawa yake si kuwakejeli wanaonunua. Rafu huliwa na msongamano wa saa za mwisho, na anayechukua mikate miwili siku nne kabla humpa duka nafasi ya kuleta mingine. Kejeli humfanya mtu aone haya kununua mapema, kisha hofu humsukuma kununua kwa pupa.

Buffalo, mji wa magharibi mwa jimbo la New York, Desemba 2022, hakukuwa na shaka kubwa ya utabiri. Watabiri walionya siku kadhaa kabla kwamba dhoruba ya namna hiyo huja mara moja katika kizazi. Tufani ya theluji ikavuma saa 37, na watu 47 wakafa katika eneo lile, wengine ndani ya magari, wengine nje, wengine katika nyumba zisizo na joto. Ni mji wenye familia nyingi za Wakongo na Warundi, watu wanaojua kuweka akiba kuliko majirani zao wengi. Lakini akiba hununuliwa kwa pesa, pesa hutafutwa kazini, na dhoruba ilifika siku ya kazi, Ijumaa, tarehe 23. Asubuhi hiyo wengi walikuwa wameshatoka kwenda kazini. Amri ya kuzuia magari barabarani ilianza saa tatu na nusu. Ilikuwa imetangazwa chini ya saa moja kabla.