Shemeji, Achia!

Mume wa dada yangu hawezi kusikia mashine ikiunguruma akabaki kitini. Akiona jenereta atataka yeye ndiye avute kamba. Akikuta mtu anakata chuma, atasogea amuulize kama ana uhakika anakatia upande unaotakiwa. Huyo ndiye niliyeshinda naye sebuleni kwake, nikimsagia terazo, ile sakafu ya saruji na vikokoto vya marumaru inayosagwa hadi ing'ae.

Sakafu yenyewe ilikuwa nzuri, ya zamani, ila ilipakwa nta juu ya nta hadi vikokoto vya marumaru vikapotea kabisa. Kuirudisha si uchawi. Unaanza na sahani yenye almasi kali za kusagia, namba ndogo, maji yakiwa chini muda wote, halafu unapanda kwenda namba laini zaidi: 50, 100, 200, 400, na kuendelea hadi 3000 kwa anayetaka kujiona uso. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka moja hutaona kitu siku hiyo. Utaumbuka asubuhi, jua likiingia dirishani kwa ubavu. Na katikati ya safari unajaza vitundu kwa rojo ya saruji, unaiacha ishike vizuri, ndipo unasaga tena.

Shemeji alinisikiliza mikono nyuma, akatikisa kichwa. "Kumbe ni kusukuma tu."

Ingekuwa kusukuma tu, nisingekuwa na kazi. Mashine ya sahani moja ina tabia zake. Ukiinua mpini kidogo, inakimbilia kulia. Ukiukandamiza, inakwenda kushoto. Ukiushika usawa wa kiuno bila kubishana nayo, inatulia palepale kama ng'ombe anayekamuliwa. Haitaki nguvu hata kidogo, na shemeji ni mtu wa nguvu.

Nilikuwa nimejaza ndoo tope la kusagia, nikatoka kwenda kulimwaga. Nikamwambia, "Shemeji, hii usiiguse." Nadhani kauli hiyo ndiyo iliyomchokoza.

Sijafika mbali nikasikia muungurumo, kisha "Eee!" ndefu iliyokuwa inasogea. Niliporudi mlangoni, shemeji alikuwa anapita mbele yangu akielekea ukutani, kandambili moja mguuni, nyingine inaelea kwenye tope. Mashine ilivuta kulia. Kwa kuwa ilivuta kulia, akaikandamiza kwa hasira, nayo ikageuka ikamrusha kushoto. Akastuka, akainua. Ikarudi.

"Achia, shemeji! Achia swichi!"

Swichi iko kwenye mpini. Ukiiachia tu, mashine inazima. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya watu kama yeye. Shida ni kwamba mtu akiogopa haachii, anakaza. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyoikumbatia.

Mguu wenye kandambili ukateleza, akakaa chini. Hata alipokaa hakuachia! Alizungushwa akiwa ameketi, tope likiruka hadi kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe wiki hiyohiyo, na mpwa wangu mdogo akiwa mlangoni anauliza, "Baba, zamu yangu lini?" Kisha sahani ikanusa ncha ya pazia. Pazia likashuka, likafuatwa na fimbo yake, vyote vikamwangukia mwenye nyumba kichwani. Kilichotuokoa ni waya: ulimzunguka kiunoni, ukakazika, ukachomoka wenyewe ukutani. Kimya.

Sauti ikatoka ndani ya pazia. "Mashine yako mbovu, shemeji."

Hakuumia, ila sakafu iliumia. Pale alipong'ang'ana muda mrefu, karibu na mlango, almasi zilikuwa zimechimba mkwaruzo wa duara unaousikia kwa kidole. Na terazo haisagwi kwa viraka. Ukishughulikia hapo peke yake unapata bonde linalong'aa. Ilibidi nirudi na namba ya chini chumba kizima, jambo ambalo shemeji alilipokea kwa kusema kwamba hata yeye aliona kwamba mwanzoni pale sikupasaga vizuri.

Ili tusilaumiane, nikampa kazi isiyo na umeme. Akoroge rojo, aipake kwenye vitundu kwa mwiko bapa. Sitamnyima haki yake: aliikoroga laini, haina donge, aliipaka kwa utulivu wa mtu anayepaka mtoto mafuta... hapana, niseme ukweli, alipaka kwa kiburi, lakini alipaka vizuri. Nikafurahi. Nikaenda kunawa.

Ndoo ilibaki na rojo nusu. Na dada alikuwa njiani anarudi. Shemeji akataka akute nyumba safi, akaibeba ndoo bafuni, akaimimina yote kwenye tundu la maji machafu, akasuuza kwa maji kidogo, akatoka anapiga mluzi.

Saruji haihitaji hewa ili ishike. Inashika hata chini ya maji, ndiyo maana madaraja yanasimama mtoni. Kesho yake dada alioga akiwa amesimama ndani ya dimbwi lililomfika kwenye vifundo, akaita jina la mumewe kwa namna ambayo hata mimi niliitika.

Fundi bomba alifungua sakafu ya bafu, akakata kona ya bomba, akatoa kipande cha saruji kilichopinda kama bomba lenyewe, kizito, kisafi. Shemeji akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Shemeji, njoo uone. Haina hata kitundu kimoja."

"Vizuri," dada akasema. "Leo utalala nayo."