Asilimia 35 ya dukani si 35 ya barabarani

Nchini Marekani kila jimbo lina kipimo chake cha tinti, yaani karatasi ya kutia giza vioo vya gari. Vioo vya milango ya mbele vinatakiwa kupitisha angalau asilimia 70 ya mwanga New York na California, 33 Arizona, 28 Florida na 25 Texas. Gari ambalo Houston, Texas, halina kosa, Los Angeles, California, halifikii hata nusu ya kipimo.

Wanaonaswa wengi hawakukusudia kuvunja sheria, walikosea hesabu. Kioo kitupu chenyewe huzuia mwanga kiasi, na aghalabu hupitisha kama asilimia 75. Sheria hupima kioo na karatasi kwa pamoja, na namba hizo mbili huzidishwa. Karatasi ya 35, yaani inayopitisha asilimia 35 ya mwanga, kwenye kioo cha 75 inakupa 0.35 × 0.75, yaani asilimia 26 na ushee. Florida hapo umeshakosa, hata risiti ya fundi ikisema 35. Ungehitaji karatasi ya 38 au zaidi. California inaruhusu mbele karatasi ya 88 kwenda juu, lakini ukiibandika kwenye kioo cha 75 unabaki na 66. Ruhusa ipo, ila kwa magari mengi haina kazi.

Wanaotetea masharti makali wana hoja nzito usiku. Dereva anayekata kona humtafuta mtembea kwa miguu kupitia kioo cha pembeni, mahali penye mwanga hafifu, na mtembea kwa miguu naye huangalia kama dereva amemwona. Askari anayelisogelea gari anataka kuona mikono ya aliye ndani. Faragha? Hiyo ihamie vioo vya nyuma, ambavyo California inaruhusu viwe vyeusi utakavyo mradi gari lina vioo vya kutazamia nyuma pande zote mbili.

Upande wa pili, wa wanaotaka tinti nyeusi, una jua la Phoenix, Arizona, na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili, ambao mwanga wa jua huwadhuru. Ila weusi na ubaridi ni vitu viwili. Karatasi karibu angavu inaweza kuzuia asilimia 99 ya miale ya urujuanimno (UV), na karatasi ya kauri hukata sehemu kubwa ya joto la infraredi, miale isiyoonekana, bila kutia giza. Ya rangi ni ya bei nafuu, lakini huchuja na kugeuka zambarau. Yenye chuma huweza kuvuruga GPS na kifaa cha kulipia barabara.

Kwa hiyo ukali wa mbele naukubali, lakini kipimo cha 70 kinakosea shabaha: kinamfungia mlango hata anayetaka kauri angavu, ilhali giza ndilo linaloogopwa. Asilimia 50 ingetosha kauri hiyo na bado uso wa dereva ungeonekana.

Kabla ya kubandika, mwambie fundi apime kioo kikiwa kitupu, kimoja kimoja, kwa sababu vya nyuma huenda vilitiwa giza kiwandani. Kisha gawanya kipimo cha jimbo kwa namba aliyoipata: 33 kwa 0.75 ni 44, basi Arizona chukua karatasi ya 50, si ya 35.